Upunguzaji Kwenye Kiwanda cha Mablanketi

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, mtunza ghala wa kiwanda cha mablanketi alisaini daftari la mahudhurio akiwa amesimama juu ya ndoo. Kiwanda kilikuwa mali ya serikali, hadi wawekezaji wa ng'ambo waliponunua nusu yake na kuandika barua kwamba wafanyakazi wapunguzwe. Mtunza ghala ndiye aliyeitafsiri barua hiyo, akasifiwa kwa lugha yake fasaha. Tangu hapo, kila Ijumaa, kila mfanyakazi alipungua shibiri moja.

Mkurugenzi hakupungua. Yeye alibadilishiwa kiti, kile cha zamani kilikuwa kinambana.

Mishahara nayo ilipungua, kwa hoja kwamba tumbo dogo halihitaji mengi. Kazi ilibaki ileile: blanketi la kubebwa na mtu mmoja sasa lilibebwa na wanane. Wiki ya sita mtunza ghala alikuwa na kimo cha chupa ya chai, na suruali aliyoshonewa na mkewe kutokana na mkono wa shati. Idara yake ilihamishiwa kwenye droo ya kabati la mafaili, ofisi ikapangishwa.

Fundi mitambo, mama aliyeajiriwa siku moja naye, alimfuata drooni.

"Kaka, maneno yako ndiyo yaliyotuponza. Nenda nayo ukatusemee."

Jumapili nzima mtunza ghala alifanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo, amesimama juu ya kisahani cha sabuni. Kwa tathmini yake mwenyewe, alikuwa simba.

Kesho yake wenzake walipandana mabega wakamfikisha mezani kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akainama kwa adabu. Pumzi yake ikaipeperusha tai ya mtunza ghala hadi begani.

"Sema, mzee wangu."

Mtunza ghala aliutazama uso ule, mpana kama mlango.

"Tumekuja kushukuru kwa droo," alisema.

Fundi mitambo alikuwa juu kabisa kwenye ngazi ile ya mabega. Alianza kushuka, mguu kwa mguu.

Jioni mkewe alimchukua ndani ya kapu la sokoni. Njiani mume alimsimulia yote, bila kujipamba. Mkewe alicheka hadi akaliweka kapu chini.

"Mume wangu, wewe ulipungua kabla hao wageni hawajaja."

Mtunza ghala aliipima sentensi hiyo mbele na nyuma. Haikuwa na kosa. Akacheka naye.

Ijumaa walipungua tena, safari hii nusu shibiri tu, kwani nzima isingebakisha mtu. Mtunza ghala aliteuliwa kuwa msemaji wa wafanyakazi, akapewa droo ya juu. Alihamia siku hiyohiyo.