Sauti ya Mbonde

Ridhiwani alikuwa mchoraji wa mabango pale Kibiti. Ukipita mjini ukaona bucha yenye ng'ombe anayecheka, au saluni yenye mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi, basi hiyo ni kazi yake. Lakini kwa miaka minne, kila alipomaliza vibarua vyake, alirudi kijijini Mtawanya kwa mama yake, akakaa mbele ya kompyuta kuukuu na kuchora kitu kingine kabisa. Alikuwa akitengeneza katuni ya shujaa aitwaye Mbonde, mtu wa mkuki mmoja aliyefukuzwa kwao, anayetembea kijiji hadi kijiji akiwapigania watu wasiomtaka.

Sauti ya Mbonde ilikuwa ya Miraji, mdogo wake. Miraji hakusomea uigizaji popote. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mpunga, ila Mungu alimjalia sauti nzito, ya taratibu, hata akiomba chumvi watu hugeuka. Walirekodi chumbani kwa simu ya Miraji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na afadhali, magodoro wameyaegemeza ukutani kuzuia mwangwi. Sehemu ya kwanza ilipokamilika, Ridhiwani alitia kila kitu kwenye flashi, akaipeleka mwenyewe Dar es Salaam kwa kampuni moja iliyokuwa ikitafuta katuni za Kiswahili. Waliipenda. Akasaini karatasi nyingi, akarudi nyumbani anajiona mtu.

Miezi miwili baadaye Miraji alikwenda kwa boti Mbwera kuchukua mpunga. Boti ilizima mashine karibu na pale mto unapoingia baharini, wimbi likaipindua. Wenzake wawili waliokotwa wameng'ang'ania madumu. Miraji hakuonekana, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Walimtafuta siku sita ndani ya mikoko, siku ya saba wakamswalia sala ya maiti asiyekuwepo. Msimu uleule mafuriko yaliingia nyumbani kwao mpaka juu ya kitanda. Fundi wa Kibiti aliifungua ile kompyuta, akatazama tope lililojaa ndani, akaifunga tena polepole.

"Pole, kaka," alisema. "Hapa hakuna kitu."

Kwa hiyo duniani ilibaki sauti moja tu ya Miraji, nayo ilikuwa Dar es Salaam, kinywani mwa Mbonde.

Bi Ashura, mama yao, macho yalikuwa yamemwishia kwa presha ya macho, haoni tena. Picha za mwanawe hazikumfaa kitu. Alichokuwa akiulizia kila wiki ni ile katuni itaonyeshwa lini. Siku habari ilipokuja kwamba sehemu ya kwanza itaonyeshwa Jumamosi saa kumi alasiri, aliwaambia majirani wote, hata wale waliokuwa shambani, "Jumamosi nakwenda kumsikia Miraji."

Ridhiwani hakumwambia kwamba ujumbe wa kampuni ulikuwa na mstari mmoja wa ziada: tumefanya maboresho ya sauti. Aliusoma mara tatu. Angeweza kupiga simu akauliza maboresho gani. Hakupiga. Alijiambia watakuwa wameondoa kelele za majogoo.

Jumamosi alimpandisha mama yake kwenye bodaboda, yeye akapanda nyuma yake akimshikilia, mpaka Kibiti kwa mama mdogo Zena, aliyekuwa na televisheni na king'amuzi. Bi Ashura alivaa kanga mpya. Zena alimweka karibu kabisa na spika, akamletea chai, akaongeza sauti.

Ikaanza. Ridhiwani aliiona njia aliyoichora mwenyewe, vumbi jekundu, miguu ya Mbonde ikitembea. Mbonde akafika kijijini ukingoni mwa mto, akasimama mbele ya mzee wa mji, akafungua kinywa. Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, ya mchekeshaji mmoja wa mjini, yenye maneno ya vijiwe vya Dar es Salaam. Watoto wa Zena wakacheka.

Bi Ashura aliinamisha kichwa upande. "Huyu nani?"

Zena alimtazama Ridhiwani.

"Huyu mwingine, mama," alisema Ridhiwani. "Mbonde bado hajaja."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Pengine alitaka dakika moja ya kufikiri, na dakika ile ikazaa nyingine. Bi Ashura aliitikia kwa kichwa, akaweka kikombe chini, akangoja. Mbonde akaomba maji, akanyimwa. Akaambiwa kuhusu mamba aliyekuwa akila watu kivukoni. Kila sauti mpya iliposikika, Bi Ashura aliinua kidevu, kisha akakishusha. Mara moja aliuliza, "Na huyu?" Ridhiwani akajibu, "Huyu mzee wa mji."

Mbonde akaingia majini na mkuki wake. Muziki ukapanda, halafu ukakatika, na mamba akamburuta chini. Hapo ikasikika pumzi ya mtu: akivuta hewa kwa nguvu, akikohoa, akizama, akiibuka, akivuta tena.

Ridhiwani aliitambua mara moja. Siku ile ya kurekodi, Miraji alikimbia kuizunguka nyumba mara kumi ndipo akaingia chumbani kuhemea kwenye simu. Yule mchekeshaji bila shaka hakujisumbua na sehemu isiyo na maneno, wakaiacha kama ilivyokuwa.

Bi Ashura alikuwa amesimama. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye."

Kule majini kuhema kuliendelea, na Ridhiwani, aliyekuwa amejivunia urefu wa pambano lile, sasa aliomba liishe.

"Anatafuta pumzi," alisema mama yake. Mkono wake ulipapasa hewani kuelekea spika. "Ridhiwani, mwenzio anazama. Nani yuko naye hapo?"

"Ni katuni, mama. Anatoka. Sasa hivi anatoka."

"Nani yuko naye?"

Zena alichomoa waya ukutani.

Jumatatu Ridhiwani alipiga simu Dar es Salaam. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, alimpongeza kwa kazi nzuri. Alipoelezwa habari za sauti ya Miraji, aliahidi kuuliza. Siku ya pili dada huyo alipiga mwenyewe: sauti za awali zilifutwa baada ya kuingizwa mpya, na ile flashi hawaioni. Kama angetaka, wangeandika jina la marehemu mwishoni mwa sehemu ya pili. Ridhiwani alisema sawa. Sehemu ya pili ilipokuja, jina halikuwepo, naye hakupiga tena.

Watoto wa Mtawanya walimpenda Mbonde. Walitembea na vijiti wakiigiza ile sauti nyembamba, hata mbele ya nyumba ya Bi Ashura.

Ilipita miezi kabla Bi Ashura hajalizungumza jambo lile. Walikuwa uani asubuhi, yeye anachambua choroko kwa vidole, Ridhiwani anachanganya rangi ya bango la duka la dawa.

"Zamani nikikaa hivi nilikuwa namsikia," alisema. "Ananiita, anaomba maji ya kuoga, anagombana na wewe. Tangu siku ile kwa Zena, nikimtafuta nasikia kule kuhema tu. Alikuwa akisemaje akiingia, Ridhiwani?"

Ridhiwani aliweka brashi chini. Aliyajua maneno, kwani Miraji alikuwa akibisha hodi na kuuliza kama mwenye nyumba amekula. Alijaribu kuyasema kwa sauti ya mdogo wake, akaishusha sauti mpaka koo likamkwaruza.

"Hodi humu. Mwenye nyumba umekula?"

Bi Ashura alisikiliza. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kujaribu tena, naye Ridhiwani akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi.

"Basi, baba," alisema mama yake. "Usijiumize."

Akarudi kwenye choroko zake, akitupa mawe pembeni. Ridhiwani alibaki ameketi mpaka rangi ikaanza kuganda kwenye kopo.