Bawaba na Mafuta ya Samaki

...na hiki nacho kitakwenda wapi, maana bawaba zote zimeshalainika, alijiuliza Fundi, kidonge cha mafuta ya samaki kikimng'aria kiganjani kama tone la asali, glasi ya maji mkono wa pili, na mkewe huko jikoni akiosha vyombo na kupiga soga na yeyote mwenye masikio, "Meza, Fundi, usikitazame tu, hakikuposi!", hakikuposi, mwanamke huyu ana maneno... tangu binti yao muuguzi alete lile kopo la vidonge hajameza hata kimoja, si ubishi, ni harufu tu, harufu ya samaki aliyelala, na seremala mzima mlango wake wa chumbani ulikuwa ukilia kila alfajiri mpaka aibu, basi siku ile ya kwanza mafuta ya bawaba yameisha, kidonge kiko mkononi, akakitoboa kwa msumari, tone huku, tone kule, mlango kimya, akacheka peke yake, kesho yake akarudia, na paka akahamia pale mlangoni, analamba bawaba ya chini utadhani kaajiriwa... "na faida yake naiona kwa macho yangu," sauti ya jikoni, maji yakimwagika, "zamani ukiamka nasikia magoti yako yanalia kwiii, sasa kimya, wala sijui umepita saa ngapi!"... magoti! ni mlango, mama, ni mlango, nusura amwage maji ya glasi kwa kicheko, magoti yake yako vilevile, yanamuuma akisimama kupiga randa, na binti wala hakuahidi miujiza, alimshika mkono akasema taratibu, baba, haya hayafufui mtu, yanasaidia kushusha mafuta kwenye damu, daktari wako amekubali, ila dawa ya presha usiache, na samaki wa kwenye sahani ni bora kuliko kopo zima, lakini wewe samaki humtaki, basi meza... samaki na yeye hawajapatana tangu utotoni, mama yake alichoka kubembeleza... "ila nikwambie kitu," bomba likafungwa, sauti ikashuka, "nafurahi umepata nafuu, lakini silali," hulali, kwa nini tena, "tangu ulipoanguka kule karakana nilikuwa nayasubiri hayo magoti, yakilia tu najua mume wangu kaamka mzima, nageukia upande wa pili nasinzia, sasa kimya, napapasa kitanda, nikikuta pa baridi moyo unanipasuka"... kumbe, kumbe ndiyo maana asubuhi hizi anamkuta kasimama koridoni, shuka mabegani, umeamka? anauliza, na yeye anamjibu kwa mzaha, hapana, bado nimelala, naye hacheki, anamtazama tu halafu anarudi ndani... mtu kusubiriwa hivyo, kwa mlio wa mlango mbovu, na mzee mwenyewe hana habari, anajiona mjanja na msumari wake, akaona haya, kisha akafurahi, akafurahi kweli, kifua kikapata joto hata kabla ya chai, basi bawaba ataziacha zikauke, zilie zinavyotaka, paka atafute kazi nyingine, na mama aendelee kuyasikia magoti yake... "Umemeza?" mkewe akauliza, kama anavyouliza kila asubuhi, "Nameza, mama," akajibu Fundi, kama anavyojibu kila asubuhi, akaziba pua, akameza.