Foto ya Masengo na Kilalo

"Mama, weye unasimama sawa vile kwa carte d'électeur!" Noé alishusha telefone yake. "Mabega juu, macho kavu. Banakufunga?"

Masengo alikuwa wima katikati ya tope, mikono imebana mapajani, kidevu mbele. Maisha yake yote alipigwa picha mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa ofisini, kwa kadi ya mpiga kura, mbele ya shuka nyeupe, akiambiwa asicheke. Alijua picha ndiyo hiyo.

"Piga tu," alisema. "Ukuta iko inavuya."

Ulikuwa unavuja kweli. Siku tatu aliujenga kwa udongo na majani, akiukanyaga kwa miguu, akaziba kijito juu na chini. Tangu alfajiri alikuwa akitoa maji kwa beseni, mpaka yakabaki ya kifundo cha mguu na kambale wakawa wanajipigapiga topeni. Lakini chini ya ukuta wa juu palifunguka tundu, upana wa mdomo wa chupa, na maji yalitoka humo meusi.

Katika bonde lile, chini ya mji wa Kamina, kila mama ana kipande chake cha kijito alichoachiwa na mama yake. Asipokiziba viangazi viwili, kinakwenda kwa mwingine. Kiangazi kilichopita Masengo alilala na mguu mbovu. Sasa jirani yake Lumbala, anayekitaka kipande hicho kwa ajili ya mke wake, alikuwa amemwambia chefu Kabange, mkuu wa kijiji: "Kule hakuna mutu. Ni majani tu." Chefu ana miguu iliyovimba, hashuki tena bondeni. Mashahidi aliwakataa; wa mwaka jana walikula kuku wa pande zote mbili. "Mama alete foto," alisema. "Nione sura yake, nione ukuta, nione kilalo. Leo saa tisa." Kilalo ni daraja la reli lililo nyuma ya kipande chake. Bila daraja, tope la Masengo ni tope la popote.

Noé, aliyezoea kupiga picha za harusi na komunio, alianza na samaki. "Leta huyu mukubwa hapa karibu. Ataonekana sawa mamba!"

Akapiga. Masengo alikuja kutazama, mikono ameiweka mgongoni asichafue kioo. Kambale alijaza picha yote. Yeye mwenyewe alibaki sikio moja.

"Na kilalo?"

"Samaki anakificha."

"Chefu hakuomba samaki, Noé."

Ya pili ilipata daraja zima, nguzo zote, ila jua lilikuwa nyuma yake na uso ulitoka mweusi, hauna macho wala pua.

"Huyu ni nani?" Masengo aliuliza. "Huyu anaweza kuwa muke ya Lumbala."

Noé akavua viatu, akakunja suruali yake ya kazi za harusi, akaingia topeni na kuzunguka mpaka jua likampiga kisogoni. Sasa hakuwa tena na mzaha. "Geukia huku, jua ikuone weye. Toka katikati. Enda kando, uachie kilalo nafasi yake. Minyi nachuchumaa, ukuta uonekane na kimo." Akatazama pembe ya kioo. "Mama, batri iko kwa trois pour cent, iko inaisha."

Bonge la udongo likaanguka. Tundu likawa na upana wa kikombe. Masengo aligeuka.

"Usigeuke!"

Kazi hii aliijua. Akipiga goti pale na fungu la majani, ukuta ungesimama nusu saa, muda wa kujaza kikapu, samaki wa kula na wa kuuza wiki mbili. Lakini angepiga goti akiwa amempa Noé mgongo, na telefone ile haikuwa na nusu saa. Alitazama kambale. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya ukuta uliokuwa ukitetemeka, akainua uso kwenye jua.

"Ngoja, inapinda, kilalo kinalala upande…"

"Noé! Piga!"

Akapiga. Ukuta ukaondoka chini ya kiganja chake. Maji yalimfika kiunoni, beseni likaelea, na samaki wote wakapita katikati ya miguu yake, aliwasikia mmoja mmoja.

"Foto inashika?" alipiga kelele.

"Inashika, mama!"

Walipanda kwa pikipiki hivyo hivyo, bila kunawa. Kwa chefu, Lumbala alikuwa ameshakaa kitini, shati limepigwa pasi.

"Eyo vidye," Masengo alimwamkia chefu kwa heshima, akabaki amesimama.

Chefu aliisogeza telefone karibu na pua. Akaitazama sana.

"Foto inaweza kuwa ya zamani, chefu," Lumbala alisema, akicheka kidogo. "Ba jeune, vijana ya leo, banajua kupika foto sawa mboga."

Kioo kilizimika mkononi mwa chefu, wala hakuomba kiwashwe tena. Alikuwa anatazama miguu ya Masengo. Tope la leo lilikuwa ndiyo kwanza linakauka kuanzia mapajani, linageuka kijivu, linapasuka, linaanguka vipande vipande kwenye sakafu iliyosafishwa asubuhi.

Mke wa chefu, mama Nathalie, alitoka ndani na ufagio.

Chefu akainua kidole.

"Acha kwanza," alisema.