Chai ya Pomoni

Pamba ya Matkarim ilikuwa na rangi ya mgonjwa wa nyongo, lakini matete yaliyoota kwenye mtaro wa kutolea maji, pembeni mwa shamba lake, yalikuwa kijani hadi yanang'aa. Bibijon, mama yake, alipita pale kila asubuhi akitazama huku na kule, kama mtu aliyeibiwa jogoo akamsikia anawika kwa jirani.

Jirani mwenyewe, Rozimboy, aliyakata matete hayo kumlisha ng'ombe wake, naye ng'ombe akanenepa hata mlango wa zizi akawa anaupita kwa kujipenyeza. "Nishukurie mwanao, Bibijon," alisema siku moja akifunga mzigo. "Ng'ombe wangu anakula jamvini kwake."

Rozimboy alikuwa anatania tu, maana mdomo wake na lango lake vyote havina komeo. Lakini Bibijon hakuuacha utani ule uende bure. Alirudi nao nyumbani akautafuna.

Matkarim alikuwa kitindamimba, na huko kwao Khorazm kitindamimba ndiye abakiye na wazazi. Kaka zake walishakwenda Urusi kupiga lipu. Sasa na yeye kasema: pamba isipopata nafuu baada ya zamu yake ijayo ya kupata maji, anaondoka na rafiki yake Shuhrat, Zulayho mkewe na mama yake wabaki wakitazamana. Ardhi imechoka, alisema. Mbolea ya yurea kaimwaga, maji kayajaza, afanye nini tena?

Hapo kwenye kujaza ndipo penye mchawi. Maji yakifika kwake, Matkarim alifungulia kila mfereji mpaka migongo ya matuta ikazama, kwa sababu kijijini anayeacha maji yapite huulizwa kama mkewe ndiye anayeshika jembe. Na mbolea aliimwaga jana yake tu. Yurea huyeyuka kama sukari. Nitrojeni yake, ile inayotia majani ukijani, ikashuka na mafuriko hayo, ikaipita mizizi bila hata salamu, ikaibukia mtaroni. Bibijon alijaribu kumweleza. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba mama apumzike.

Siku moja kabla ya zamu, Shuhrat alikuja kupanga safari, na Rozimboy akaja akiifuata harufu ya pilau. Zulayho akaleta birika. Bibijon akampokea. Akamimina chai na kuirudisha birikani mara tatu, kama ilivyo ada, kisha akawapa wageni chai ya kufunika kitako cha bakuli la kunywea tu, kama apewavyo mtu wa heshima, ili amiminiwe tena na tena. La Matkarim akalijaza pomoni, chai ikamwagikia vidole.

Hata Rozimboy alisahau kutafuna. Bakuli lililojaa kwao lina maana moja: kunywa, uende zako.

"Mama," Matkarim alisema taratibu, masikio yamemwiva. "Unanifukuza?"

"Mimi? Nakukirimu, mwanangu. Si ndivyo unavyoikirimu pamba yako?" Bibijon alipangusa birika kwa ncha ya mtandio. "Unaiwekea chakula, kisha unaijazia maji hivi hivi. Chakula kikaona kinafukuzwa, kikaaga. Muulize ng'ombe wa Rozimboy kilikofikia."

Rozimboy alicheka mpaka wali ukampalia. Shuhrat akajifanya anatafuta kitu chini ya mto wa kuegemea. Matkarim hakucheka. Aliirudisha chai nusu birikani.

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningepitisha maji mfereji mmoja, nikaruka wa pili. Mbolea ningeifukia kwenye ule mkavu. Maji yaifikie pamba kwa ubavu, kidogo kidogo, halafu nirudie."

"Watu watanicheka."

"Wameshaanza," Bibijon alisema, akimwelekezea kidevu Rozimboy.

Kesho yake Matkarim alimaliza zamu mapema, hata mgawa maji akamuuliza kama anaumwa. Majani yakaanza kukolea kijani, taratibu, kuanzia vilele. Basi la Shuhrat likaondoka na kiti kimoja kitupu.

Pamba ilipofunga vitumba, Rozimboy alikuja kulalamika. Matete yamekuwa manjano, ng'ombe kabaki mbavu. Mwanao, alisema, arudie mwenendo wake wa zamani.

Bibijon alimsikitikia sana. Akamkaribisha ndani, akamjazia chai pomoni.