Mikeka Juu ya Bwawa la Marfali

Mwaka ule mtama ulituishia mwezi wa tatu, na wanawake wote wa Marfali tukabaki tunalitazama bwawa. Kwetu Kanem, dihe, ule utando wa kijani unaoelea juu ya maji ya magadi, ndiyo mboga na ndiyo nyama. Tunauengua alfajiri kwa vibuyu, tunaumwaga mchangani ukauke, kisha tunaukata vipande vipande. Wanaume hawatii mguu humo. Wakitia, bwawa huwa tasa.

Shida ni kwamba bwawa lenyewe lilikuwa linakauka. Kila wiki maji yalirudi nyuma hatua mbili. Mimi, Achta, nilikuwa nimesoma miaka minane mjini Bol kabla ya kuolewa Marfali, na mdomo sikuwa nao haba. Nikamwendea mkuu wetu wa kijiji, Bulama Kaka.

"Tulifunike bwawa," nikamwambia. "Tusimike miti majini, tutandaze mikeka juu yake, jua lisipenye. Maji yatabaki."

Bulama akajipiga goti kwa furaha. "Huyu ndiye aliyesoma! Funikeni lote!"

Mama mkwe wangu, Yakaka, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavunaji kwa miaka ishirini; bila ruhusa yake hakuna aliyeingia kuengua. Aliposikia, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Bulama, hata kisigino chako hakijawahi kulowa humo, leo unataka kulifunika? Kile kijani kinakula jua. Ukikinyima, kinakufa njaa."

"Kinakula kwa mdomo upi, mama?" nikamuuliza mbele za watu. Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikajiona mjanja.

Yakaka hakukasirika. "Mdomo wake sijauona. Nilichoona ni zile siku vumbi linapoficha jua wiki nzima. Tukiingia, tunaengua maji matupu. Haya, chukueni ule mkono mdogo wa bwawa, uliotengwa na mchanga, mjaribu. Huku kukubwa nitalinda mwenyewe, na atakayeniletea mkeka nitamviringisha ndani yake."

Tukafunika ule mkono mdogo. Siku hiyo hiyo niliweka kijiti ukingoni. Siku ya tatu maji yalikuwa hayajashuka hata unene wa kidole. Nilitembea kijijini shingo juu, na Bulama akawa anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Siku ya sita nikasikia harufu. Nikainua pembe ya mkeka. Kijani hakikuwapo. Maji yalikuwa ya manjano, yana povu, yananuka kama samaki aliyesahauliwa. Nilifikiria watoto wa jirani yetu Mairam, ambao tangu mtama uishe hawakuwa na chakula kingine ila dihe, na nikajua nimewapotezea riziki kwa mikono yangu.

Nilimkuta Yakaka akisuka kamba.

"Mama, nimeua bwawa."

"Umeua kipande. Twende."

Akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye bwawa kubwa, tukaingia mpaka magotini. Jua lilikuwa limepanda. Juu ya utando wa kijani viputo vidogo vilikuwa vinajitokeza kimoja kimoja.

"Unaona? Kinapumua," akasema. "Asubuhi kabla ya jua huvioni."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa Bol akichora jani ubaoni. Jani hupokea mwanga, maji na hewa tunayoitoa puani, likajitengenezea chakula, kisha likaturudishia hewa ya kuvuta. Nilikariri yote nikapata alama zote, wala haikunipitia akilini kwamba mwalimu alikuwa anasema habari za bwawa la nyumbani kwa mume wangu. Nikamweleza Yakaka nilivyofundishwa. Alisikiliza kichwa ameinamisha.

"Na mtama nao hivyo hivyo?"

"Mtama nao. Na majani wanayokula ng'ombe, kwa hiyo na maziwa. Na hii pumzi unayovuta sasa hivi."

"Basi miaka yako minane haikupotea. Sasa nenda kachukue kibuyu."

Tulitoa mikeka yote. Wanawake arobaini tuliengua uchafu ule wa manjano, kisha tukapanga mstari, tukachota maji ya kijani kutoka bwawa kubwa na kuyamimina kwenye ule mkono. Bulama alisimama mchangani akipiga kelele, "Upesi! Upesi!"

"Njoo basi utusaidie!" Yakaka akamjibu, naye akarudi nyuma mbio kama aliyeona nyoka.

Mikeka sikuitupa. Niliona kwamba upepo nao unakausha maji, tena huo haulishi chochote. Tukaisimamisha kama ukuta upande upepo unakotokea, kwa umbali ambao kivuli chake hakifiki majini. Maji yakapungua polepole zaidi, na jua likaachiwa njia.

Siku ya kumi ule mkono mdogo ulikuwa wa kijani tena, ingawa hafifu. Bwawa kubwa lilikuwa zito, utando umekunjamana ukingoni kama kitambaa. Alfajiri tulijipanga na vibuyu, tukisubiri Yakaka atupe ruhusa. Hakuitoa.

"Mkwe wangu," akaniita, "leo sema wewe."

Nikainua kibuyu changu, nikasema, "Ingieni!" Wanawake wakaingia majini kwa kishindo, Mairam akiwa mbele. Kabla jua halijawa kali, mchanga wote ulikuwa umejaa duara za kijani za dihe inayokauka, na jioni ile kila jiko la Marfali lilikuwa na mchuzi.