Kidole Tumbo cha Sista

Kwa miaka kumi na tisa Sista alikuwa akiwashikia visu madaktari wa upasuaji, na kwao hakuona cha kuheshimu zaidi ya mikono. Asubuhi hii kitandani alilala yeye, magoti ameyakunja, kidole tumbo kimevimba, na mabingwa wawili wamesimama miguuni pake wakitunishiana misuli.

Mmoja, ambaye wauguzi walimwita Mzee Kisu, alijipiga kifua. "Mimi nachana mara moja tu, hapa kulia. Nusu saa nimemaliza, hakuna mbwembwe."

"Halafu umwachie kovu kama zipu," alidakia Dokta Kamera, kijana wa viatu vinavyong'aa. "Mimi natoboa matundu matatu madogo, napitisha kamera, Sista. Kesho uko nyumbani."

"Kamera yako juzi si iliingia ukungu, tukabaki tunatazama wingu?"

"Na kidonda cha yule mwalimu uliyemchana si kinatoa usaha mpaka leo?"

Sista aliuma meno. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililomtia kichefuchefu kuliko ugonjwa wenyewe. Ile kamera aliifuta yeye. Kile kidonda anakisafisha yeye kila siku. Njia zote mbili alishaziona zikiponya watu, mradi mtu aanze kazi.

"Yeyote tu," alisema. "Anzeni."

"Yeyote si jibu," alinuna Mzee Kisu.

Wakarudi kwenye ubishi wao, wakitajiana wagonjwa kama watoto wanaoringiana viatu vya sikukuu. Tangu saa moja walikuwa wanapiga domo, na saa nne ilikuwa imeshagonga. Wajinga wakubwa, aliwaza, tena wenye vyeti ukutani.

Ghafla maumivu yalikatika. Tumbo likatulia kabisa, Sista akanyoosha miguu, na jasho jembamba likamtoka usoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Dokta Kamera alitabasamu. "Umeona? Hata yamepoa. Tuna muda wa kushauriana."

Sista alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Hayajapoa, Dokta. Kimepasuka."

Mzee Kisu alimgusa tumbo, akaondoa mkono haraka.

"Haya, mmoja ashike kisu," alisema Sista, "na mwingine ahesabu vitambaa vinavyoingia tumboni na vinavyotoka. Mhesabu sawasawa, maana anayewahesabia siku zote leo ndiye anayekatwa."