Konokono wa Majarubani

Nyanjige alirudi Migato na shahada ya sayansi za baiolojia, akakuta kijiji kizima kinamwita daktari. Hakujipa jina hilo. Alipewa na baba yake, mzee Mayala, tangu wiki aliyopata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam. Mzee aliposikia baiolojia alielewa kwamba ni mambo ya mwili, na mtu wa mambo ya mwili kwake alikuwa daktari, basi. Mwanzoni Nyanjige alimsahihisha kwenye simu. Baadaye alichoka, akaacha.

Kwa miaka mitatu alisoma mimea, wadudu, seli na vimelea. Wanafunzi wa udaktari walijua wanakokwenda. Yeye na wenzake waliulizana kwenye ngazi za maabara, "Sasa sisi tukimaliza tunakuwa nani?" Mmoja aliishia benki, mwingine akaenda kufundisha, mwingine akafungua duka la dawa za mifugo. Nyanjige alituma maombi ya kazi mwaka mzima, kisha akarudi kwao kulima mpunga kwenye majaruba ya baba yake.

Asubuhi moja Specioza, mke wa jirani yao Luhende, alimfuata majarubani. Alikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa na hajapata mtoto. Alisimama kwenye tuta, akatazama huku na huku kwanza, ndipo akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, daktari."

"Mwangaluka, mayu. Kwema?"

"Si kwema. Nakojoa damu, tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Mama mkwe ameona nguo zangu. Anasema nimeokota ugonjwa kwa wanaume wa mnadani. Kesho kutwa anakutanisha wazee, nirudishwe kwetu. Nipe dawa."

Ingekuwa rahisi kujibu kama daktari. Nyanjige alifuta tope mikononi, akapanda tutani.

"Specioza, mimi si daktari. Nilisomea viumbe. Sikusomea kutibu watu."

Macho ya Specioza yalijaa machozi. "Kumbe na wewe unanikwepa."

"Sikukwepi. Kaa hapa, niambie. Huwa unalima wapi?"

"Si hapo tu? Jaruba letu hilo."

Nyanjige aliinama, akabandua kwenye bua la mpunga konokono mdogo kama punje ya hindi, akamweka kiganjani.

"Huyu anaweza kubeba kichocho. Vijidudu hutoka kwake, vinaogelea majini, vinapenya kwenye ngozi ya anayelima. Sijui kama ndicho ulichonacho. Hadubini ndiyo itakayosema. Twende zahanati, ila tufike mchana. Mkojo wa saa sita ndio unaoonyesha vizuri."

"Na kama siyo?"

"Tutakuwa tumejua kwamba siyo."

Fundi wa maabara pale zahanati aliitwa Method. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akasogea pembeni. "Njoo uone, dada."

Lilikuwa yai refu lenye mwiba mmoja mwishoni. Nyanjige alikuwa amelichora mara nyingi chuoni, kutoka kwenye kioo cha zamani cha hadubini ambacho hakuna aliyejua kilitoka kwa nani. Mwenye hili alikuwa nje kwenye benchi, viatu mkononi, akisubiri kujua kama bado ana nyumba.

Mganga wa zahanati alimpa Specioza vidonge siku hiyohiyo. Walipokuwa njiani kurudi Specioza alisema, "Mama mkwe haamini karatasi ya majibu. Njoo useme wewe."

Nyanjige alijua maana yake. Baba yake angekuwa miongoni mwa wazee hao.

Siku ya kikao alikuwapo kweli, kwenye kiti cha mbele. "Mwanangu daktari atatueleza," mzee Mayala alisema, kifua mbele.

"Baba, naomba unisamehe," Nyanjige alisema. "Mimi si daktari, na nilipaswa kusema siku nyingi." Mzee aliinamisha kichwa, hakukiinua tena. Nyanjige aliendelea hivyohivyo, akaeleza habari za maji, konokono na ugonjwa.

Kornelia, mama yake Luhende, alisimama. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwanamke mkali. "Kama si daktari, kwa nini tukusikilize?"

"Msinisikilize, mama. Nendeni mkapime. Wote mnaolima jaruba moja na Specioza."

"Nitatangulia mimi," alisema Kornelia, "watu waone nyumba yangu ni safi."

Alitangulia. Luhende alikutwa na kichocho, na Kornelia mwenyewe pia. Alipoambiwa alimuuliza Method kwa sauti ya chini, "Na mimi nimekitoa mnada gani?" Kornelia alirudi nyumbani, akamwita Specioza ndani, wakakaa huko hadi jioni. Habari za kumrudisha kwao hazikutajwa tena.

Mzee Mayala hakuzungumza na binti yake kwa siku nne. Siku ya tano alimkuta majarubani, amevaa mabuti na glavu, anaokota konokono na kuwatia kwenye ndoo.

"Chuo kikuu kilikufundisha kuhesabu konokono?"

"Ndiyo, baba."

"Na madaktari, wanajua kuwahesabu?"

"Wengi hawajui."

Mzee akaanza kukunja suruali.

"Usiingie hivyo, baba! Hujavaa mabuti."

"Basi nipe ndoo nishike," alisema, na akaishika mpaka jua likawa kali.

Baadaye Method alimwambia Nyanjige kwamba Bariadi kuna watafiti wanaohitaji mtu wa kutambua konokono wanaoambukiza na wasioambukiza. Nyanjige alikwenda na vichupa vyake kumi na vinne vya konokono, kila kimoja na jina la jaruba walikotoka. Walimpa mkataba wa mwaka, wakaongeza mwingine. Sasa wiki hii yuko Mkula, wiki ijayo Malampaka, anapima maji na kuwaeleza watu anachokiona ndani yake.

Specioza bado hajapata mtoto. Madaktari wa hospitali wamesema ugonjwa ulikaa mwilini muda mrefu, na wanaendelea kumtibu. Wiki iliyopita alipita ofisini kwa Nyanjige kusalimia akitoka kliniki. Alikuja na mama mkwe wake, na Kornelia ndiye aliyebeba faili.